Homoni, Neva na Korodani: Uhakiki wa Baadhi ya Istilahi Zetu

Utangulizi

Istilahi hupimwa kazini. Orodha ya maneno yaliyopangwa kwa alfabeti, kila moja likikabiliana na mwenzake wa lugha ya kigeni, huweza kupendeza macho na kuiridhisha kamati. Lakini siku orodha hiyo inapotakiwa ieleze jambo moja zima, tangu mwanzo hadi mwisho, ndipo upungufu wake unapodhihirika. Katika makala haya nakusudia kuzipima istilahi zetu za homoni na za neva kwa jambo moja la namna hiyo, nalo ni jinsi kazi ya korodani ya mnyama anyonyeshaye inavyoratibiwa na kemikali zinazotolewa humohumo ndani yake, pamoja na zile zinazotolewa na ncha za neva.

Nimelichagua jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, sehemu kubwa ya maneno yanayohitajika tunayo tayari, hivyo hatuwezi kusingizia uhaba wa msamiati. Pili, makosa ya tafsiri katika uwanja huu hayaishii kwenye karatasi. Hufika darasani, hufika zahanati, na hatimaye huingia katika nyumba za watu wanaotafuta mtoto.

Kilichonisukuma kuandika ni mswada wa tafsiri wa kijitabu cha walimu wa biolojia ulioletwa kwangu ili niusome na kuusahihisha. Mfasiri wake simtaji, wala aliyemtuma. Kiswahili chake ni safi, sentensi zake zinasomeka, na bidii yake yastahili sifa. Aidha, karibu kila neno nitakalolilaumu hapa limo katika maandishi mengine mengi, na mimi mwenyewe nimepata kuyatumia kadhaa bila ya kuyatilia shaka. Kwa hiyo uhakiki huu haumlengi mtu. Unalenga mazoea yetu sote.

Fasili ya homoni

Mswada unaanza kwa kusema kwamba homoni ni kichocheo kinachotengenezwa na tezi na kusafirishwa na damu hadi kwenye kiungo kinachohusika. Fasili hii, au nyingine iliyo jamaa yake, ndiyo ambayo wengi wetu tuliikariri shuleni. Ina nguzo tatu: kichocheo, tezi na damu. Nitaonyesha kwamba nguzo zote tatu zinayumba mara tu tunapoingia ndani ya korodani.

Yafaa kwanza tujue fasili hii ilikotoka. Mwaka 1849, huko Göttingen, Ujerumani, Arnold Berthold aliwahasi majogoo wachanga. Waliohasiwa tu walikua wakiwa wanyonge: kishungi hakikukua, hawakuwika, hawakupigana wala kuwafuata makoo. Lakini wale ambao korodani ilirudishwa na kupandikizwa ndani ya tumbo, mbali na neva zake za asili, waliendelea kuwa majogoo kamili. Berthold akahitimisha kwamba korodani hutoa kitu kinachoingia katika damu na kuuathiri mwili mzima. Mwaka 1902 William Bayliss na Ernest Starling, wa London, walionyesha kwamba utumbo mdogo hutoa kemikali iendayo kwa njia ya damu na kuliamuru kongosho litoe majimaji yake, hata baada ya neva kukatwa. Mwaka 1905 Starling akalitumia neno homoni kuziita kemikali za namna hiyo, akilichukua kutoka katika kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kusukuma au kuamsha.

Msomaji ataona kwamba majaribio yote mawili yalikuwa na shabaha ileile, yaani kuthibitisha kwamba amri huweza kufika bila ya neva. Kwa hiyo fasili ilizaliwa ikiwa imekwisha kuiweka neva upande mmoja na damu upande wa pili. Kwa zama zile ilikuwa hatua kubwa ya elimu. Sisi tuliipokea pamoja na mipaka yake, tukaifasiri, na tumeendelea kuifundisha hali elimu yenyewe imekwisha kuivuka.

Yanayotendeka ndani ya korodani

Korodani ina sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni vijibomba vyembamba vilivyojikunja, ambamo mbegu hutengenezwa. Ya pili ni nafasi iliyo baina ya vijibomba hivyo, yenye mishipa ya damu, ncha za neva, seli za kinga, na seli zilizoelezwa na Franz Leydig mwaka 1850. Ndani ya vijibomba zimo seli zilizoelezwa na Enrico Sertoli mwaka 1865. Hizi huzikumbatia mbegu changa, huzilisha, na huzilinda mpaka zikomae. Safari ya mbegu tangu seli ya asili hadi kukamilika huchukua yapata siku 35 kwa panya mdogo wa maabara, na zaidi ya miezi miwili kwa binadamu.

Seli za Leydig zinapopata amri ya homoni ya pituitari ijulikanayo kwa herufi LH, hutengeneza testosteroni. Sehemu ya testosteroni hiyo huingia katika damu na kwenda kutia nywele kidevuni na unene katika sauti. Lakini sehemu nyingine haipandi damu hata kidogo. Hupenya ukuta wa kijibomba kilicho jirani na kuzifikia seli za Sertoli, ambazo zina vipokezi vyake. Mbegu changa zenyewe hazina vipokezi hivyo vyenye kufanya kazi. Huipata amri kwa kupitia mlezi wao. Kwa sababu hiyo kiasi cha testosteroni kilichomo ndani ya korodani ya binadamu hukadiriwa kuwa yapata mara mia ya kile kilichomo katika damu. Kazi kubwa kabisa ya homoni hii katika uzazi hutendeka katika umbali usioonekana kwa macho, bila ya safari yoyote.

Wala si testosteroni peke yake. Seli za Sertoli hutoa protini iitwayo GDNF ambayo huzitunza seli za asili za mbegu zisije zikaisha. Hutoa pia inhibini, ambayo sehemu yake huenda kwa damu hadi pituitari na kupunguza utoaji wa homoni ya FSH. Seli za Leydig za panya hutengeneza beta-endofini inayoziathiri seli za Sertoli zilizo jirani. Katika panya, vilevile, imeonekana kwamba oksitosini, ambayo tumezoea kuisoma katika habari za uchungu wa uzazi na unyonyeshaji, hutengenezwa ndani ya korodani na kuvifanya vijibomba vijikaze na kuzisukuma mbegu mbele. Nazo ncha za neva zinazoifikia korodani hutoa noradrenalini, ambayo huibana au kuiachia mishipa ya damu na, kwa mujibu wa majaribio ya wanyama, huweza kuzigusa seli za Leydig zenyewe.

Sasa tuirudie fasili ya mswada. Nguzo ya damu imeanguka, kwa kuwa amri nyingi kati ya hizi hazipiti katika damu. Nguzo ya tezi imeyumba, kwa kuwa seli moja moja iliyo ndani ya kiungo hutoa homoni bila ya kuwa tezi. Tena neno tezi lina mzigo wake: kwa watu wengi tezi ni uvimbe wa shingo, na tezi dume imekwisha kukubalika kuwa jina la kiungo kilicho chini ya kibofu. Mswada unapoziita korodani "tezi za kiume", mwalimu aliyesikia redioni habari za saratani ya tezi dume atadhani ni kitu kimoja.

Gharama ya fasili mbovu

Huenda msomaji akauliza: kuna madhara gani, ikiwa mwanafunzi ataamini kwamba kila homoni hupita katika damu? Jibu limo katika ukurasa mwingine wa mswada huohuo, ambapo testosteroni imeitwa "homoni ya uzazi ya kiume", na sindano yake "dawa ya homoni ya uzazi".

Tuchukue mfano wa kubuni. Mume na mke wamekaa miaka miwili bila kupata mtoto. Mume anasoma kwamba homoni ya uzazi husafirishwa na damu hadi kiungo kinachohusika. Anasikia kwamba homoni hiyo inauzwa katika chupa. Kwa fasili aliyofundishwa, mantiki yake haina kasoro: ukiiongeza homoni katika damu, umeiongeza katika korodani, na uzazi utaongezeka. Anachomwa sindano. Kinachotokea ni kinyume chake. Ubongo unaona testosteroni nyingi katika damu, unapunguza amri zake. Pituitari nayo inapunguza LH na FSH. Seli za Leydig zinaacha kutengeneza testosteroni yao. Na ndani ya korodani, mahali palipohitaji kiasi kile cha mara mia, panabaki pakavu. Mbegu zinapungua au kukoma.

Jambo hili si la kukisia. Mwaka 1990 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani, uliofanywa katika nchi kadhaa, ambao uliitumia testosteroni kama njia ya kupanga uzazi. Wanaume wenye afya walichomwa miligramu 200 kila juma, na zaidi ya nusu yao walifikia hali ya kutokuwa na mbegu hata moja katika shahawa zao. Baada ya kuachishwa sindano, uzalishaji wa mbegu ulirejea. Kemikali ambayo mfasiri wetu ameiita dawa ya uzazi ndiyo hiyohiyo iliyojaribiwa kuwa dawa ya kuzuia mimba.

Kosa hili lina ndugu yake katika lugha ya mitaani, nalo ni msemo "nguvu za kiume". Msemo huu umechanganya mambo mawili: uwezo wa mwanamume wa kujamiiana, na uwezo wake wa kuzalisha. Mtu anaweza kuwa na la kwanza pasipo la pili, na kinyume chake. Mfasiri wa maandishi ya afya hana ruhusa ya kuutumia msemo huu bila kusema anakusudia lipi. Heshima ya lugha ni jambo zuri, lakini tasfida inayompoteza mgonjwa si heshima.

Kichocheo kinachozuia

Nimebakiza nguzo ya kwanza, yaani kichocheo. Neno hili limekwisha kupewa kazi katika kemia, ambako kichocheo huharakisha mmenyuko bila ya chenyewe kutumika na kuisha. Homoni haifanyi hivyo. Homoni hupeleka amri. Mwanafunzi anayetoka kipindi cha kemia na kuingia cha biolojia atakuwa na neno moja kwa vitu viwili visivyofanana.

Lakini ubaya mkubwa zaidi u katika maana ya neno lenyewe. Kuchochea ni kutia moto, kuzidisha. Tumtafsirie basi mwanafunzi habari za inhibini, kemikali ambayo D. Roy McCullagh aliipa jina mwaka 1932 na ambayo watafiti walifaulu kuitenga na kuisafisha mwaka 1985. Kazi yake hasa ni kuizuia FSH isizidi. Kwa istilahi za mswada itatubidi tuseme: "inhibini ni kichocheo kinachozuia." Sentensi hiyo imo, neno kwa neno, na mfasiri ameipita bila ya kusita.

Itasemwa kwamba Starling naye aliangukia shimo hilohilo, kwa kuwa neno lake la Kigiriki pia lina maana ya kuamsha. Ni kweli, na wenzake waliliona mapema: Edward Schäfer alipendekeza jina jingine kwa kemikali zinazozuia, ili zisiitwe homoni. Pendekezo lake halikudumu. Sababu yake, kwa maoni yangu, ni kwamba Kigiriki ni giza kwa watumiaji wengi wa neno hilo, hivyo maana ya asili haikuwasumbua. Ndiyo faida ya neno la kukopa: lisiloeleweka mzizi wake halidanganyi. Neno kichocheo ni letu na tunalielewa, na kwa sababu hiyohiyo linatudanganya. Basi homoni ibaki homoni.

Kudhibiti, na mrejesho hasi

Kichwa cha sura yenyewe katika mswada ni "Udhibiti wa Korodani". Neno kudhibiti lilikuwa na maana pana ya kutia mkononi na kushika barabara. Lakini katika matumizi ya siku hizi hudhibitiwa magendo, mfumuko wa bei na wahalifu. Msomaji atafahamu kwamba korodani inabanwa. Kurekebisha nako hakufai, maana hurekebishwa kilichoharibika. Napendekeza kuratibu, kwa kuwa kuratibu kunaruhusu pande zote mbili: kuongeza panapopungua na kupunguza panapozidi. Vitenzi kuchochea na kuzuia vitumike pale tu upande unapojulikana.

Kisha upo "mrejesho hasi", unaotumika kueleza jinsi testosteroni na inhibini zinavyorudi kuipunguza pituitari. Hasi katika hesabu ni neno lililokubalika, nami sina ugomvi nalo. Lakini katika matumizi ya kawaida hasi imekuwa na maana ya kibaya, na mwanafunzi hudhani mrejesho hasi ni ugonjwa, hali ndio unaoulinda mwili. Zaidi ya hayo, Kiswahili kina kitenzi kuhasi, kinachojulikana na kila mfugaji aliyewahi kumfanya dume kuwa maksai. Kuandika "mrejesho hasi wa korodani" ni kumwalika msomaji acheke, au aogope. Tuseme mrejesho wa kuzuia, na mwenzake mrejesho wa kuchochea.

Mishipa

Hakuna neno katika mswada lililonitia hofu kama mshipa. Limetumika kwa ateri, kwa vena na kwa neva bila ya kutofautisha. Desturi hiyo ni ya zamani: katika lugha ya kila siku mshipa ni chochote kirefu kilicho chini ya ngozi, na "mshipa wa fahamu" ulibuniwa ili kuitenga neva. Lakini pwani mshipa ni pia jina la maradhi. Mtu akisema ana mshipa, huenda anasema ana ngiri, au ana busha. Sasa mswada unasema: "mishipa ya korodani hutoa kemikali muhimu." Mwalimu wa Tanga au wa Lindi atasoma kwamba busha lina manufaa.

Neva ni neno fupi, limezoeleka, na halina maana nyingine ya kuligombania. Napendekeza tulitumie peke yake, na mshipa usiandikwe kamwe katika maandishi ya sayansi bila ya kufuatwa na maneno "wa damu".

Kiungo, mfuko na mbegu

Mswada unatumia korodani, kende na pumbu kwa zamu, kana kwamba mfasiri alitaka kuepuka kurudia neno. Katika insha za fasihi hilo ni pambo. Katika istilahi ni kosa. Maneno haya matatu, kwa jinsi yanavyotumiwa na wasemaji, huyumba baina ya kiungo na mfuko wake, na tofauti hiyo si ndogo. Mfuko unaning'inia nje kwa sababu mbegu za wanyama wengi wanyonyeshao huhitaji ubaridi wa nyuzi chache chini ya joto la mwili. Lakini tembo na pimbi hawana mfuko huo. Korodani zao hubaki ndani ya tumbo maisha yao yote. Ikiwa korodani ni mfuko, tembo hana korodani; ikiwa ni kiungo, anazo. Mwalimu anayefundisha darasani mfano wa mnyama ambaye wanafunzi wake wamemwona, astahili neno lisilomgeuka.

Vivyo hivyo kwa manii, shahawa na mbegu. Sehemu kubwa ya majimaji yanayomtoka mwanamume hutoka katika vifuko vya shahawa na tezi dume. Mbegu ni sehemu ndogo sana ya ujazo wake. Mwanamume aliyefungwa mirija huendelea kutoa majimaji hayo. Mswada unaposema kwamba baada ya kufunga mirija "manii hayatoki tena", umemwandalia mtu fadhaa ya bure, au umemfanya aamini kwamba upasuaji haukufaulu. Yatosha kuliweka neno shahawa kwa majimaji, na mbegu kwa seli. Najua kwamba mbegu ni sitiari yenye dosari, maana punje ya mahindi tayari ina mche ndani yake, hali seli ya kiume ina nusu tu ya urithi na inafanana zaidi na chavua. Lakini neno limekwisha kuenea. Dosari yake isahihishwe kwa maelezo ya mwalimu.

Kukopa dutu, kutafsiri kazi

Nimefika kwenye istilahi mbili ambazo kwa kweli zilimshinda mfasiri, na sistaajabu. Ya kwanza ni jina la kemikali zitolewazo na ncha ya neva ili kupeleka amri kwenye seli inayofuata. Otto Loewi alithibitisha kuwapo kwake mwaka 1921 kwa mioyo ya vyura: alipoisisimua neva ya moyo mmoja, majimaji yaliyouzunguka moyo huo yakatiwa katika wa pili, nao wa pili ukapunguza mwendo. Kemikali hiyo ilikuja kutambuliwa kuwa asetilikolini, na mwaka 1936 Loewi alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale. Mswada unaziita kemikali hizi "visafirishi vya mishipa". Nani husafirisha mishipa, na kuipeleka wapi?

Ya pili ni jina la homoni zinazofanya kazi kwa jirani bila ya kupitia damu, na zile zinazorudi kuiamuru seli ileile iliyozitoa, dhana ambayo Michael Sporn na George Todaro waliipa jina lake mwaka 1980. Kwa hizi mfasiri ameacha maneno ya kigeni yalivyo.

Wapo watakaoshauri tuyakope yote na kuyaandika kwa matamshi yetu. Siafiki, na sababu yangu ndiyo kiini cha makala haya. Majina ya dutu na majina ya kazi ni mambo mawili. Noradrenalini ni dutu moja. Ikitolewa na tezi iliyo juu ya figo na kuingia katika damu, ni homoni. Ikitolewa na ncha ya neva ndani ya korodani, ni kitu kingine kwa kazi yake. Oksitosini ikienda kwa damu hadi mji wa mimba, inafanya kazi ya mbali. Ikikaza kijibomba kilicho kando ya seli iliyoitoa, inafanya kazi ya jirani. Jina la dutu halibadiliki wala halina cha kueleza, tulikope. Jina la kazi ndilo linalofundisha, tulitafsiri. Tukiyakopa yote, mwanafunzi atakuwa na majina kumi ya kukariri na hataona kwamba baadhi yake ni watu na mengine ni vyeo vyao.

Kwa kemikali za ncha za neva napendekeza kijumbe cha neva. Kijumbe ni neno la kale, la mtu anayetumwa baina ya watu wawili kwa shughuli maalumu, kama ya posa. Hakai, hufikisha na kuondoka. Hivyo ndivyo zifanyavyo kemikali hizi. Kwa homoni zinazoishia kwa jirani, napendekeza homoni za ujirani, zikikabili homoni za damu. Wasomaji wa Tanzania watakumbuka mjumbe wa nyumba kumi: shauri dogo humalizwa hapohapo, na halipelekwi mbele isipokuwa limeshindikana. Korodani nayo ina mashauri mengi inayoyamaliza nyumbani. Kwa homoni inayoiamuru seli iliyoitoa, nilifikiri kwanza homoni ya nafsi. Lakini kwa kuwa saikolojia huitwa elimunafsi, msomaji angedhani ni homoni ya hisia. Naona homoni binafsi ina hatari ndogo zaidi, ingawa sing'ang'anii.

Hitimisho na mapendekezo

Kwa muhtasari, naomba yafuatayo yajadiliwe:

1. Homoni ifasiliwe upya kuwa kemikali itolewayo na seli ili kupeleka amri kwa seli nyingine au kwa seli hiyohiyo, ama kwa njia ya damu, ama kwa majimaji yaliyo baina ya seli. Neno kichocheo liachiwe kemia.

2. Zitofautishwe homoni za damu, homoni za ujirani na homoni binafsi. Na kemikali za ncha za neva ziitwe vijumbe vya neva.

3. Kuratibu litumike kwa uongozi wa jumla. Mrejesho wa kuzuia na mrejesho wa kuchochea vichukue nafasi ya mrejesho hasi na chanya katika biolojia.

4. Neva iwe neva, na mshipa uwe wa damu tu.

5. Korodani liwe jina la kiungo, na mfuko wa korodani jina la kifuniko chake. Kende na pumbu yabaki katika lugha ya kawaida, na mhudumu wa afya ayafahamu, kwani ndiyo atakayoyasikia kwa mgonjwa.

6. Shahawa iwe majimaji, mbegu iwe seli. Testosteroni isiitwe homoni ya uzazi bila ya maelezo, na msemo nguvu za kiume usitumike katika maandishi ya dawa.

Baadhi ya mapendekezo haya huenda yakakataliwa, na wenye hoja bora zaidi nawakaribisha. Lakini pendekezo la mwisho sioni namna ya kuliahirisha. Mengine yakichelewa, atakayepata taabu ni mwanafunzi na mtihani wake. Hilo likichelewa, atakayepata taabu ni yule mume aliyetusoma, akatuelewa sawasawa, na kwa sababu alituelewa akaenda kuchomwa sindano itakayomwondolea alichokuwa akikitafuta.